Kufikisha dawa kwenye kiungo kinachouma: chembe za nano na baridi yabisi

Kila baada ya miezi michache husambaa habari kwamba wanasayansi wa nchi fulani "wametibu baridi yabisi kwa nano", yaani kwa chembe ndogo mno zinazobeba dawa. Mtu ambaye mama yake vidole vimeanza kupinda huisoma kwa hamu, huituma kwenye kundi la familia, kisha huuliza inauzwa wapi. Kwa sasa haiuzwi. Lakini kilicho nyuma ya habari hizo si uongo. Ni kazi ya zaidi ya miaka 20, imeshakutana na mafanikio na vikwazo, na mgonjwa au mtu anayemuuguza mgonjwa ana haki ya kuelezwa vyote viwili.

Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa haihusu kila maumivu ya magoti ya uzeeni. Magoti ya mzee aliyelima na kubeba mizigo maisha yake yote mara nyingi yamelika gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na huo ni ugonjwa mwingine. Nazungumzia ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe, ambao hospitalini huitwa rumatoidi athraitisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Mara nyingi huanzia kwenye viungo vidogo: vifundo vya vidole, kifundo cha mkono, vidole vya miguu, tena pande zote mbili kwa pamoja. Asubuhi ndipo hali huwa mbaya zaidi. Mtu anaamka mikono imekakamaa, hawezi kukamua nguo wala kufungua kifuniko cha chupa ya chai, na inaweza kupita saa nzima au zaidi kabla vidole havijalegea. Daktari akivibana vifundo hivyo kwa pembeni, hata kidogo tu, mgonjwa anaruka.

Tuingie ndani ya kifundo kimoja. Kiungo kinachotembea kimezungukwa na utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Kwa mtu asiye na ugonjwa, tabaka la juu la utando huo lina unene wa seli 1 hadi 3 tu. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi linanenepa hadi seli 10 au zaidi, linaota mishipa mipya ya damu, na linajaa askari wa kinga ambao hawakupaswa kuwa hapo. Wakubwa miongoni mwao ni makrofaji, seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kumeza vijidudu na uchafu. Makrofaji waliokasirika humwaga protini za kuamsha wengine, hasa TNF na intalukini-6. Protini hizo huamsha seli za utando wenyewe, nazo huanza kutoa vimeng'enya vinavyokula gegedu. Huamsha pia seli zinazomeng'enya mfupa. Utando ulionenepa unatambaa juu ya gegedu na kuchimba pembezoni mwa mfupa, na ndiyo maana picha ya eksirei ya mgonjwa wa muda mrefu huonyesha mifupa ya vidole iliyolika kwenye kona.

Dawa za kuzima moto huu zipo, na baadhi zina nguvu kubwa. Mnamo Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa huu. Siku chache baadaye alikuwa anatembea. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950, haraka kiasi hicho. Haikuchukua muda madaktari wakaanza kuona gharama yake: uso unaovimba, sukari inayopanda, shinikizo la damu, mifupa inayokuwa dhaifu, vidonda visivyopona, maambukizi. Kotisoni na ndugu zake kama prednisoloni hufanya kazi kila mahali zinapofika, nazo hufika kila mahali.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima la nano. Ukimeza kidonge cha prednisoloni kwa ajili ya vifundo vya vidole, sehemu kubwa ya dawa hiyo inakwenda kwenye misuli, ini, mifupa na ngozi ambazo hazikuwa na tatizo lolote, na baada ya saa chache imeshaondoka kwenye damu. Kinachofika kwenye utando wa kiungo ni kidogo. Ili kidogo hicho kitoshe, daktari analazimika kuongeza kipimo, na mwili mzima unalipa. Methotreksati, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya baridi yabisi na iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1988, nayo inaweza kusumbua ini, uboho na tumbo. Dawa mpya zaidi za kuzuia TNF, zilizotokana na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini huko London, ambako wagonjwa wa kwanza walijaribiwa mwaka 1992, zinalenga protini moja tu. Lakini hata hizo huizima protini hiyo mwili mzima, pamoja na mahali inapohitajika kuzuia kifua kikuu.

Kwa hiyo swali la watafiti halikuwa "tupate dawa gani kali zaidi". Walijiuliza namna ya kuifanya dawa ileile ifike pale panapowaka na ipungue kwingineko.

Ukubwa wa vitu vyenyewe ni jambo la kuanza nalo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000, seli nyekundu ya damu kama 7,000, na kingamwili moja, yaani protini ya kinga inayoshika adui, kama 10. Chembe nyingi za nano zinazotengenezwa kubeba dawa ziko kati ya 20 na 200. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa kupenda udogo. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka kwenye mkojo. Iliyo kubwa sana hunaswa na wengu. Katikati ya hapo kuna nafasi ambamo chembe inaweza kuzunguka kwenye damu kwa saa nyingi, hata siku, bila kutoka nje ya mishipa yenye afya.

Mishipa ya mahali penye uvimbe haina afya. Kuta zake zimeachana, na mianya iliyopo inaweza kufika mamia ya nanomita. Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda waliliona hili kwenye saratani na kulieleza mwaka 1986. Kwenye kiungo chenye baridi yabisi hali ni ya namna hiyo, na wahenga walishasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi: uvujaji uleule unaoleta maji na uvimbe kwenye kifundo ndio unaoipa chembe ya nano mlango wa kuingilia. Ipo tofauti moja muhimu. Kwenye saratani chembe hubaki kwa sababu mifereji ya limfu, inayoondoa maji ya ziada kwenye tishu na ambayo ingeitoa, ni mibovu. Kwenye kiungo mifereji hiyo inafanya kazi, kwa hiyo chembe ingeweza kuingia na kutoka. Dong Wang wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake walionyesha kinachoizuia: ni makrofaji na seli nyingine za utando ulioumwa, ambazo huimeza. Yaani seli inayoongoza ugonjwa ndiyo inayoikamata dawa na kuila. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika taaluma hii, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuibuni, ugonjwa wenyewe ulikuwa umeiweka tayari.

Mfano ulio wazi zaidi ulitoka Utrecht, Uholanzi. Josbert Metselaar, Gert Storm na wenzao walitumia liposomu, kitu ambacho Mwingereza Alec Bangham alikuwa amekieleza tangu miaka ya 1960. Liposomu ni kijipovu cha duara kilichotengenezwa kwa mafuta ya aina ileile inayounda ngozi ya seli zetu. Ukuta wake una tabaka mbili za molekuli, mikia ya mafuta ikiwa imeelekea ndani ya ukuta na vichwa vinavyopenda maji vikiwa nje, na katikati kuna tone la maji. Ndani ya tone hilo waliweka prednisoloni iliyofanywa iyeyuke kwenye maji. Kwa nje walichomeka nyuzi za polima iitwayo PEG, ambazo huvuta maji na kuifanya chembe isitambuliwe haraka na makrofaji wa ini. Chembe nzima ilikuwa na upana wa nanomita kama 100.

Mwaka 2003 walichapisha matokeo kwa panya waliosababishiwa uvimbe wa viungo. Sindano moja ya prednisoloni iliyo ndani ya liposomu ilizima uvimbe karibu kabisa kwa takriban wiki nzima. Kiasi hichohicho cha prednisoloni bila liposomu, kwa sindano moja, hakikufanya kitu. Dawa ni ileile, kipimo ni kilekile, mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni chombo cha kusafiria. Baada ya hapo kazi iliendelea hadi majaribio kwa binadamu. Lakini leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, prednisoloni ya liposomu haimo katika tiba za kawaida za baridi yabisi, na nitarudi kwenye sababu.

Wengine walitaka chembe isitegemee uvujaji wa mishipa peke yake, bali iwe na kitu cha kujishikiza. Makrofaji waliokasirika huotesha kwa wingi kipokezi (protini ya kushikia vitu) cha foleti, vitamini ambayo akina mama wajawazito huijua kwa vidonge vyake. Chembe ikipambwa na foleti kwa nje, makrofaji huivuta ndani. Wengine hutumia asidi ya hialuroniki, ambayo ipo kiasili kwenye ute wa kiungo na hushika kipokezi kiitwacho CD44. Kwenye sahani za maabara na kwa panya mbinu hizi zinafanya kazi vizuri. Ndani ya damu ya kiumbe hai mambo hubadilika kidogo, maana chembe yoyote ikiingia tu kwenye damu hufunikwa na protini za damu, na mapambo yake yanaweza kufichwa chini ya tabaka hilo.

Zipo pia chembe ambazo hazibebi dawa, zenyewe ndizo dawa. Dhahabu ina historia ndefu hapa. Robert Koch alionyesha mwaka 1890 kwamba chumvi ya dhahabu huzuia bakteria wa kifua kikuu kwenye maabara. Mfaransa Jacques Forestier, akidhani baridi yabisi inafanana na kifua kikuu, akawapa wagonjwa wake chumvi za dhahabu na kuripoti mafanikio mwaka 1929. Dhana ilikuwa na kasoro, lakini wagonjwa wengi walipata nafuu, na sindano za dhahabu zikatumika kwa miongo mingi hadi methotreksati ilipochukua nafasi. Leo dhahabu imerudi maabara ikiwa katika vipande vya nanomita 10 au 20, mara nyingine ikiwa imefungamanishwa na methotreksati, mara nyingine ikipigwa mwanga wa infraredi ili ipate joto na kuua seli za utando ulionenepa. Oksidi ya seriamu nayo inachunguzwa, kwa kuwa uso wake unaweza kupokea na kutoa elektroni tena na tena, hivyo kumeza kemikali kali za oksijeni zinazotolewa na seli zenye hasira. Hizi zote bado ni kazi za wanyama. Nasisitiza hilo kwa sababu mitandaoni kuna watu wanaouza maji yanayoitwa ya dhahabu au ya fedha ya nano kwa wagonjwa wa viungo. Hakuna ushahidi wa kitabibu unaounga mkono bidhaa hizo kwa baridi yabisi, na madini yakishaingia mwilini hayatoki kirahisi. Fedha ikikusanyika inaweza kuigeuza ngozi rangi ya kijivu kwa kudumu.

Kuna jaribio moja linalonivutia kuliko hayo ya madini. Mwaka 2018 kundi la Liangfang Zhang, Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, lilichukua ngozi za nutrofili, seli nyeupe za damu zinazokimbilia mahali penye uvimbe, na kuzivisha juu ya chembe ndogo za polima. Kilichopatikana ni chembe yenye sura ya nutrofili kwa nje, lakini isiyo na uwezo wa kufanya fujo. Protini za uchochezi zilizokuwa zinatafuta nutrofili halisi za kuamsha zikajishika kwenye hizo bandia na kuishia hapo. Kwa panya, viungo vilipona vizuri na gegedu likahifadhiwa. Faida ya wazo hili ni kwamba mtafiti halazimiki kujua kila protini kwa jina. Chembe inazoa zile zote ambazo nutrofili ina vipokezi vyake.

Hadi hapa tunazungumzia kuzima moto. Tawi jingine linataka kuifundisha kinga iache kuchoma. Katika baridi yabisi, wagonjwa wengi wana kingamwili dhidi ya protini zao wenyewe zilizobadilishwa kidogo kikemia, na seli za T, askari wa kinga wanaotambua adui, zilizoamini kwamba protini hizo ni adui. Kinga ina utaratibu wake wa kawaida wa kutuliza seli kama hizo: ikiletewa kipande cha protini bila ishara ya hatari, au pamoja na ishara ya utulivu, hujifunza kukivumilia. Huko Brisbane, Australia, Ranjeny Thomas na wenzake waliweka ndani ya liposomu kipande cha kolajeni, protini ya gegedu, pamoja na kalsitrioli, ambayo ni vitamini D iliyo tayari kufanya kazi na ambayo huzielekeza seli za kinga kwenye upande wa kuvumilia. Liposomu hizo zilidungwa chini ya ngozi, zikaenda kwenye tezi za limfu. Jaribio la awamu ya kwanza kwa wagonjwa wa baridi yabisi lilichapishwa mwaka 2022. Lengo kuu lilikuwa usalama, na dawa ilivumilika. Vilevile vipimo vya damu vilionyesha seli za kinga zikibadilika kwa mwelekeo uliotarajiwa. Hatuwezi kuita hayo tiba, lakini ni binadamu na si panya.

Kwa ugonjwa wa jongo, ambao chanzo chake ni fuwele za asidi ya yuriki na si kinga kushambulia mwili, chembe za polima zilizobeba rapamaisini, dawa ya kutuliza kinga, zimekwenda mbali zaidi, hadi majaribio ya awamu ya tatu yaliyotangazwa mwaka 2023. Kazi ya chembe hizo ilikuwa kuizuia kinga isitengeneze kingamwili dhidi ya dawa ya jongo inayotolewa pamoja nazo. Naitaja kwa sababu inaonyesha kuwa kuifundisha kinga kwa chembe za nano si ndoto ya maabara.

Sasa vikwazo, maana ndivyo vinavyoeleza kwa nini duka la dawa bado halina kitu.

Kikwazo cha kwanza ni ini. Ini limejaa makrofaji wake, na kazi yao ni kunyang'anya kwenye damu kila chembe ngeni inayopita. Mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti nyingi za saratani kwa wanyama ulikuta kwamba, kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa zilizofika kwenye uvimbe. Viungo si saratani, lakini funzo ni lilelile: hata chembe "inayolenga" inaishia kwa wingi kwenye ini na wengu. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya RNA iliyobebwa na chembe za lipidi, patisirani, iliyoidhinishwa mwaka 2018, ilikuwa kwa ajili ya ugonjwa unaotibiwa kupitia ini. Kwenda ini ni rahisi. Kwenda kwenye kifundo cha kidole ndiko kugumu.

PEG nayo, ile polima ya kuificha chembe, imeanza kutambuliwa. Watu wengi sasa wana kingamwili dhidi yake, kwa kuwa imo katika vipodozi na dawa nyingi, na ilikuwemo pia kwenye chembe za lipidi za chanjo za Pfizer na Moderna ambazo wengi wetu Kenya na Tanzania tulidungwa wakati wa korona. (Naam, mamilioni ya watu huku tayari wamepokea chembe za nano mkononi, na hilo linatosha kuondoa hofu kwamba nano ni kitu cha ajabu.) Kwa chanjo ya mara mbili au tatu si tatizo kubwa. Kwa ugonjwa wa maisha, unaohitaji sindano mwaka baada ya mwaka, kingamwili hizo zinaweza kuiondoa dawa kwenye damu mapema au kuleta mzio.

Halafu kuna panya wenyewe. Panya wa baridi yabisi hakuzaliwa na ugonjwa wala hakuupata kidogo kidogo. Amedungwa kolajeni au kichocheo kingine, miguu ikavimba ndani ya wiki chache, na mara nyingi uvimbe huo hupungua wenyewe baadaye. Binadamu anaishi na ugonjwa kwa miongo, akiwa na dawa nyingine, pengine kisukari, pengine figo zilizochoka. Chembe inayozima uvimbe wa panya kwa siku 7 haijathibitisha lolote kuhusu mama wa miaka 55 atakayeitumia kwa miaka 10. Mtengenezaji naye anatakiwa kutoa chembe zenye ukubwa uleule na kiasi kilekile cha dawa katika kila shehena, jambo ambalo ni gumu na ghali. Na prednisoloni ya kawaida ni ya bei ya chini sana. Dawa ya liposomu inapaswa kuwa bora kwa kiwango kikubwa ndipo mamlaka na bima zikubali kuilipia, na ubora wa wastani hautoshi.

Kitu chenye jina la nano kilichowafikia wagonjwa wa baridi yabisi kina asili ya ngamia. Mwaka 1993 Raymond Hamers na wenzake wa chuo kikuu cha Vrije, Brussels, walitangaza kwamba damu ya ngamia ina aina ya kingamwili isiyofanana na ya wanyama wengine wengi: haina minyororo myepesi, ile midogo kati ya minyororo ya protini inayounda kingamwili ya kawaida, na sehemu yake inayoshika adui ni ndogo mno, nanomita chache tu, lakini inashika kwa nguvu ileile. Sehemu hiyo ikikatwa na kutengenezwa peke yake huitwa nanobodi. Ozoralizumabu, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2022 kwa baridi yabisi, imeunganisha nanobodi tatu: mbili hushika TNF na moja hushika albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu. Kwa kupanda juu ya albumini dawa hukaa mwilini muda mrefu, na sindano moja kila wiki 4 inatosha. Mtaalamu wa vifaa vya nano anaweza kubisha kwamba hii ni protini tu, si chembe iliyoundwa. Yuko sahihi. Hata hivyo inaonyesha kwamba udogo na njia ya kusafiria vinaweza kubadilisha dawa inayolenga adui yuleyule wa zamani.

Kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki, mambo mawili hapa yana uzito wa pekee.

La kwanza ni kifua kikuu. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo ya Kinshasa zote zilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba wagonjwa 70 waliokuwa wakitumia infliksimabu, dawa ya kuzuia TNF, walipata kifua kikuu, wengi wao baada ya dozi chache tu. Tangu hapo kila mgonjwa hupimwa kifua kikuu kilichojificha kabla ya kuanza dawa hizo. Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu, nayo ya kuzuia TNF, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini pale ambapo watu wengi wamebeba bakteria waliolala, kuizima TNF mwili mzima ni jambo la kuogopwa. Dawa inayobaki kwenye kiungo, au inayoituliza ile sehemu tu ya kinga iliyopotoka, ingekuwa na thamani kubwa huku kuliko hata Ulaya. Ndiyo sababu siridhiki kuona utafiti huu ukichukuliwa kama anasa ya nchi tajiri.

Wakati huohuo, mgonjwa wa leo asisubiri. Wengi hufika kwa daktari wakiwa wameshakula miezi ya diklofenaki na deksamethasoni za duka la mtaani, au dawa za unga zisizo na lebo ambazo mara nyingine huchanganywa steroidi, dawa za jamii ya kotisoni, kwa siri. Maumivu yanapungua, mfupa unaendelea kulika. Mtu mwenye viungo vidogo vilivyovimba pande zote mbili na ukakamavu wa asubuhi kwa zaidi ya wiki 6 anahitaji kupimwa na kuanzishiwa matibabu mapema. Methotreksati hutumika siku moja tu kwa wiki, kwa kawaida kati ya miligramu 7.5 na 25, pamoja na asidi ya foliki na vipimo vya ini na damu. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeua watu. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba hapaswi kuitumia; azungumze mapema na daktari wake ili abadilishiwe dawa.

La pili linahusu jeni, na ndilo linalonifanya nitake watafiti wa huku wawemo tangu mwanzo. Kipande cha protini kinachowekwa kwenye liposomu ya kufundisha kinga hakifanyi kazi kwa kila mtu. Lazima kikae vizuri kwenye molekuli ya HLA ya mgonjwa, ile inayoonyesha vipande vya protini kwa seli za T. Wagonjwa wa jaribio la Brisbane walichaguliwa kwa kuwa na aina fulani za HLA-DRB1, zile zinazoambatana sana na baridi yabisi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tafiti za Wamarekani weusi na za Afrika Magharibi zimekuta kwamba aina hizo si za kawaida kiasi hicho miongoni mwa wagonjwa Waafrika. Dawa iliyosanifiwa kwa aina hizo peke yake inaweza kufika Nairobi au Dar es Salaam ikiwa salama, ikiwa na bei nafuu, na bado isiwafae wagonjwa wengi waliopo. Kupima HLA za wagonjwa wetu na kutafuta vipande vya protini vinavyozifaa hakuhitaji kiwanda cha nano. Kunahitaji damu kidogo, maabara ya jeni, na kliniki ya viungo inayotunza kumbukumbu zake vizuri, na kazi hiyo inaweza kuanza kabla liposomu hazijafika.